Kukusanya Sarafu Kongwe za Dhahabu: Ni Kanzi au ni Elimu?

Ndugu mmoja miongoni mwa wanaohudhuria darasa letu ametuletea suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo si dogo. Asema kwamba kwa muda wa miaka mingi amekuwa akinunua sarafu kongwe za dhahabu, moja baada ya moja, kwa kadiri riziki inavyomruhusu. Anazo dinari za Kifatimi, anazo pauni za dhahabu za Kiingereza za zama za Malkia Victoria, na baadhi amezirithi kwa marehemu babake. Amezitia sandukuni, kila moja katika kitambaa chake, na khabari zake ameziandika katika daftari. Auliza: Je, mimi ni katika wale walioonywa na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Tawba, wanaolimbika dhahabu na fedha wasizitoe katika njia Yake?

Kabla hatujamjibu, wenzake walikwisha kumjibu. Mmoja alimwambia kuwa hiyo ni haramu tupu, na kwamba kila kipande alichonacho kitatiwa moto siku ya Kiyama apigwe nacho chapa. Mwingine alicheka akasema huo ni mchezo tu, kama mtoto akusanyavyo stempu za barua, na dini haina haja ya kuingia katika michezo ya watu. Majibu yote mawili yana haraka ndani yake. Wa kwanza amehukumu kabla ya kuijua kesi, na wa pili ameifuta kesi ili asipate taabu ya kuhukumu.

Yataka kwanza tujue mkusanyaji akusanya nini. Mtu mwenye tamaa ya dhahabu kwa kuwa ni dhahabu hana haja ya kuhangaika na sarafu kongwe; huenda kwa sonara akanunua kwa uzani, yakaisha. Ama mkusanyaji hutoa mali zaidi ya thamani ya dhahabu iliyomo, na pengine zaidi mara nyingi. Mwezi wa Aprili 2011 iliuzwa mnadani huko London dinari moja ya mwaka 105 H (723), iliyoandikwa juu yake kuwa imetoka katika machimbo ya Amiri wa Waumini katika Hijazi. Uzani wake ni kama gramu 4 na robo, na kwa bei ya siku zile dhahabu yake haikufika pauni 200. Iliuzwa kwa pauni 3,720,000. Mnunuzi alinunua nini? Hakununua dhahabu, kwani dhahabu ya namna ile yapatikana kila soko. Alinunua maandishi yale machache, na ule umri, na ule uhaba. Hapa ndipo suala lapoanza kuwa gumu, kwa sababu aya yasema juu ya dhahabu na fedha, na mtu huyu atatwambia: Mimi sikulimbika dhahabu, nimehifadhi khabari.

Ili tumpime kwa haki, na tuulize dinari iliumbwa kwa kazi gani. Sijaona aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 H (1111), katika Ihya yake, pale azungumzapo juu ya shukrani. Kwa maana ya maneno yake, dhahabu na fedha ni mawe mawili yasiyo na manufaa katika dhati zake: hayaliwi wala hayavaliwi kukinga baridi. Lakini watu wote wayahitaji, kwa kuwa mwenye ngamia ataka zafarani, na mwenye zafarani ataka nyumba, na vitu hivi havina mizani moja. Basi Mwenyezi Mungu akaiweka dinari iwe kama kadhi baina ya mali za watu, itambue hiki ni sawa na kile. Na kadhi hafai kuwa na upande. Dinari yafaa kuwa kipimo cha vitu vyote kwa sababu yenyewe haitakwi kwa dhati yake, kama kioo kisicho na rangi kinavyoweza kuonyesha rangi zote. Basi mwenye kuizika, asema Imamu, ni kama aliyemtia kadhi wa Waislamu gerezani. Hukumu zikasimama, na watu wakapotelewa na njia ya kufikiliana.

Twaona hapa kwamba ubaya wa kanzi si mng'aro wa dhahabu wala si furaha ya kuitazama. Ubaya wake ni kukizuia kwa manufaa ya mmoja kitu kilichowekwa kuzunguka kwa manufaa ya wote. Na hata masahaba walihitilafiana katika mpaka wake. Abu Dharri (R.A.) alishika kwamba kila kizidicho haja ya mtu ni kanzi, akabishana na Muawiya huko Shamu juu ya aya hii hii, mpaka mwisho wake akaishi Rabadha na kufia huko mwaka 32 H, hana kitu. Abdullahi bin Umar (R.A.) alishika kwamba mali iliyotolewa zaka si kanzi hata ikiwa imezikwa, na isiyotolewa ni kanzi hata ikiwa i wazi juu ya ardhi. Wanavyuoni wengi wamekwenda na kauli hii ya pili, nasi ndiyo tuifuatayo katika hukumu. Walakini haifai mtu kuishika kauli ya Ibn Umar kama mtego wa kumfukuza Abu Dharri moyoni mwake. Hukumu yakwambia ulipotoka kwenye dhambi. Haikwambii kwamba umefika kwenye wema.

Na tuje kwetu pwani, kwani ardhi yetu yenyewe imehifadhi mfano. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, ilipatikana kanzi ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, vipande vidogo vidogo vyepesi, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu, za Kifatimi na za kuigiza Kifatimi. Wataalamu waliisoma tarehe ya dinari zile, wakajua kwamba mali ile ilizikwa katika karne ya 11 au baada yake kidogo. Na zile za fedha zilikuwa na majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii, ambao baadhi yao hawatajwi katika kitabu chochote cha tarehe kilichotufikia. Kama si vipande vile, tungalidhani hawakuwako.

Hebu tumfikirie mwenye mali ile. Hatumjui jina. Yamkini alikuwa mfanyabiashara, yamkini aliogopa vita au wezi, akachimba akaficha, akasema moyoni mwake nitarudi. Hakurudi. Watoto wake, kama alikuwa nao, hawakuambiwa mahali. Wenye kumdai hawakulipwa kwa fedha ile. Maskini wa Mtambwe walikaa karibu nayo na kufa karibu nayo. Karibu miaka 900 kadhi alikuwa gerezani. Kisha sisi, watu wa mwisho, twaja twafaidika kwa kulimbika kwake, kwani lau angalitoa ile mali kama inavyotakiwa, vipande vingalisambaa, vikayeyushwa kuwa vikuku na herini, na majina ya watawala wale yangalipotea moja kwa moja.

Jambo hili limewafanya wengine waseme: basi kulimbika nako kuna kheri. Hasha. Kheri iliyotokea haikuwa katika nia ya yule mtu wala katika tendo lake. Imetoka kwa Mwenye kutoa kilicho hai katika kilicho mfu. Mtu akiiba mtungi wa maji, kisha maji yaliyomwagika njiani yakaotesha mti, mti ni neema na wizi ni wizi. Lakini kisa hiki chatufundisha jambo ambalo wenye kukataza kwa haraka hawakuliona, nalo ni kwamba sarafu ile iliyotoka ardhini si ile iliyoingia. Iliyoingia ilikuwa thamani ya nguo na nafaka. Iliyotoka ni shahidi wa zama zake. Ukiipeleka leo sokoni Chake Chake kununua muhogo, hapana atakayeipokea. Ukadhi wake umekwisha, na kazi aliyonayo sasa ni ushahidi.

Hata serikali za ulimwengu zimeitambua tofauti hii. Tarehe 5 Aprili 1933, Rais Roosevelt wa Marekani alipowaamuru raia wake wazipeleke benki sarafu zao za dhahabu, kwa hoja kwamba kulimbika kwao kunaikaba biashara ya nchi, aliwaachia kila mtu kiasi cha dola 100, na aliziacha pia sarafu za nadra zenye thamani makhsusi kwa wakusanyaji. Sisemi kuwa amri ya Roosevelt ni dalili ya kisharia; nasema kwamba hata mtu aliyeichukia kanzi kwa sababu za kidunia tu aliona kuwa sarafu ya aina hii haifungi njia ya biashara ya mtu.

Basi ikiwa sarafu kongwe ni shahidi, shahidi hutakwa nini? Hutakwa aseme. Na Qur'ani imekemea kuficha ushahidi, katika ile ile sehemu ya Sura ya Baqara izungumzayo madeni na mali. Kwa hiyo mwenye kuinunua sarafu kongwe akaifungia asionyeshe mtu, asiiandike, asimfundishe kijana yeyote, huyo ameifunga dinari mara ya pili: mara ya kwanza ilifungwa ilipokuwa kadhi, na sasa yafungwa ikiwa shahidi. Na mwenye kuisoma, akaipima, akaiandika, akawafungulia wanafunzi na wataalamu, huyo ameitoa katika njia.

Na asidhani msomaji kwamba manufaa haya ni ya watu wa tarehe peke yao. Nisabu ya zaka ya dhahabu ni mithkali 20, yaani dinari 20 za kisharia. Lakini mithkali ilitofautiana kwa miji na kwa zama, na vitabu vyetu huipima kwa punje za shayiri, na shayiri hazilingani. Waislamu wa leo wajuaje ni gramu ngapi? Njia mojawapo iliyowapa wanavyuoni wa zama hizi utulivu, na Sheikh Yusuf al-Qaradawi ameieleza katika kitabu chake cha fikihi ya zaka, ni kupima dinari za Abdul-Malik bin Marwan zilizohifadhiwa katika makumbusho mbalimbali. Abdul-Malik ndiye aliyeitengeneza upya sarafu ya Waislamu mwaka 77 H (696–697), akaondoa picha za wafalme wa Rumi na kuweka maneno ya tauhidi, na uzani wake akauweka juu ya mithkali ya kisharia. Zilipopimwa zikaonekana ni gramu 4.25. Zidisha kwa 20, ni gramu 85. Nambari hii itangazwayo misikitini kila Ramadhani imetoka kwa watu waliokusanya sarafu kongwe wasiziyeyushe, na wengi wao hawakuwa Waislamu, wala haikuwapitia kwamba wanatutunzia kipimo cha nguzo ya dini yetu.

Ziko na nyingine zisemazo mambo ambayo mtu asingeyasadiki kwa kuambiwa. Katika Makumbusho ya Uingereza huko London mna dinari ya dhahabu iliyoigizwa dinari ya Bani Abbas ya mwaka 157 H, yenye maneno ya kumpwekesha Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu, na katikati limetiwa kwa herufi za Kilatini jina la Offa, mfalme wa Mercia katika nchi ya Kiingereza, aliyekufa mwaka 796. Aliyeichonga hakujua Kiarabu. Jina la mfalme limekaa kichwa chini kwa maandishi yale. Alichojua ni kwamba dinari ya Waislamu yaaminika. Mimi naona kipande hiki kimoja chatosha kuwa darasa la biashara na uaminifu kwa vijana wetu wauzao kwa mizani zilizopunguzwa.

Na hapa Afrika ya Mashariki mna pia sarafu za dhahabu za Sayyid Barghash bin Said, zenye mwaka 1299 H (1882), na ile ya rupia 15 waliyoipiga Wadachi katika karakana ya reli huko Tabora mwaka 1916, yenye sura ya ndovu, walipozingirwa na vita wakapungukiwa na fedha. Zilipigwa 16,198 tu.

Lakini ninayoipenda zaidi kuikumbuka ni ya Kilwa. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alitawala Kilwa zama dhahabu ya Sofala ilipokuwa ikipitia mikononi mwa watu wake. Sarafu zake za shaba zilijulikana tangu zamani, na mwaka 1991 wataalamu walitangaziwa dinari tatu za dhahabu zenye jina lake. Huyu ndiye aliyemkuta Ibn Battuta alipozuru Kilwa mwaka 1331, naye aeleza kwamba watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Amhadithia fakiri wa Yemeni aliyemsimamia njiani baada ya sala ya Ijumaa akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa zile, na baadaye akamwongezea na pembe za ndovu. Alipofariki akatawala nduguye Daudi, na mwombaji akimjia Daudi humjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Yaangalie haya: mfalme aliyekuwa na dhahabu ya kupiga sarafu kwa jina lake, ndiye ambaye kwa kauli ya nduguye hakuacha kitu. Sarafu tatu zimebaki, na sifa yake imebaki bila ya kuzitegemea.

Mkabala wake ni mfalme mwengine, Faruku wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1920. Alikusanya sarafu kwa maelfu, na saa, na stempu, na kila kilicho nadra. Mwaka 1944 wakala wake walimpatia dola 20 ya dhahabu ya mwaka 1933, ambayo serikali ya Marekani ilikwisha kuamuru ziyeyushwe zote, na kipande hicho kilikuwa kimetoka kwa njia isiyo halali katika nyumba ya kupigia sarafu. Wamisri wa mashamba siku hizo walikuwa wakitembea miguu mitupu. Faruku aliondolewa katika ufalme Julai 1952, na mwaka 1954 serikali mpya iliyauza makusanyo yake mnadani katika Kasri ya Kubba huko Kairo. Ile dola 20 ilitoweka kabla ya mnada, ikaibuka New York mwaka 1996, ikauzwa mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7 na nusu, na mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Sina khabari ya elimu yoyote iliyowafikia Wamisri kutokana na sanduku lile wakati lilipokuwa lake. Hapo ndipo tuonapo kwamba neno "mkusanyaji" halimtoi mtu katika lawama. Faruku naye alikuwa mkusanyaji.

Sasa twarudi kwa ndugu yetu, na kwake yeye suala halimalizikii katika falsafa. Yako ya kufikihi ambayo hana budi nayo.

La kwanza ni zaka. Ushahidi haukuiondolea dhahabu udhahabu wake. Sarafu yako ni kongwe, ni nadra, ni ya elimu, na juu ya hayo yote ni dhahabu, na dhahabu isiyo pambo la halali ina zaka ikitimia nisabu na mwaka. Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ina gramu 7.98, na kwa kuwa ni ya karati 22, dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Kwa hesabu hii pauni 11 hazijafika gramu 85, na 12 zimepita. Mwenye 12, hata kama hana mali nyingine, atatoa robo ya ushuri, yaani gramu 2 na kidogo, au thamani yake kwa kauli ya wanaoijuzisha. Na zikichanganyika na dinari za Kifatimi, hupimwa pamoja. Ikiwa amezihifadhi tu, zaka ni kwa uzani wa dhahabu safi, si kwa bei ya mnada. Ama akizinunua kwa nia ya kuziuza kwa faida, zimekuwa bidhaa ya biashara, na hapo hutazamwa bei yake sokoni. Na bei hiyo pengine ni kubwa mno. Wengi hupenda kuwa wakusanyaji wakati wa kutoa zaka na wafanyabiashara wakati wa kuuza. Nia ni moja, na achague.

Wako wasemao: Mimi nimezikusudia ziwe pambo la mke wangu. Ni kweli kwamba katika madhhabi yetu ya Shafii pambo la halali la mwanamke halina zaka, na maulamaa wamezungumza hata juu ya dinari zilizotiwa vishikizo zikafanywa kidani, wakahitilafiana. Lakini pambo ni lile livaliwalo au lililokusudiwa kuvaliwa. Mwenye kukusudia kulimbika, zaka yamlazimu hata ikiwa umbo lake ni kidani. Na mkusanyaji wa kweli hathubutu kutoboa dinari ya mwaka 77 H. Basi hoja yake yajivunja yenyewe.

La pili ni riba, na hapa wengi huanguka bila kujua. Dhahabu kwa dhahabu haibadilishwi ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Mtume (S.A.W.) aliwakataza kubadilisha tende nzuri kwa tende mbaya kwa kuzidisha kipimo, aliwaamuru wauze hizi kwa fedha, kisha wanunue zile. Uzuri wa tende haukuhalalisha ziada, wala umri wa dinari hauhalalishi. Mtu akikupa pauni tatu mpya za dhahabu kwa dinari yako moja ya Kifatimi, hiyo ni riba, ingawa nyote wawili mmeridhika na hapana aliyedhulumiwa bei. Uzeni kwa noti kwanza. Na noti zenyewe, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Amman mwaka 1986 liliamua kuwa zina hukumu ya dhahabu na fedha katika riba, zaka na kubadilishana. Kwa hiyo kununua sarafu ya dhahabu kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, au kupeleka fedha leo na sarafu ije kwa posta baada ya wiki tatu, ni jambo ambalo mwenye kuitunza dini yake ataliepuka, akaweka wakili wa kulipa na kupokea papo hapo.

La tatu ni asili yake. Sarafu yenye maandishi ya Kiislamu ikiokotwa katika magofu au ufukweni si rikazi ya kutoa khumsi kisha ukastarehe. Kwa Mashafii ni luqata, mali ya Waislamu iliyopotea, na asiyejulikana mwenyewe haimaanishi hana mwenyewe. Na hapa Kenya sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 yataka vitu hivi vipelekewe khabari serikali. Mwenye kununua usiku kwa mtu aliyechimba kaburi la kale asijisifu kwamba amehifadhi elimu. Sarafu iliyong'olewa mahali pake bila kuandikwa imepoteza nusu ya ushahidi wake: twajua ilipigwa wapi, hatujui ilifika wapi, wala ilikuwa pamoja na nini.

Mtu mmoja alituletea hoja ya vyombo: ikiwa madhhabi yetu yaharamisha hata kukiweka chombo cha dhahabu bila kukitumia, mbona sarafu? Jawabu ni kwamba kikombe cha dhahabu kiliumbwa kwa matumizi ya haramu, na kukiweka ni kulielekea haramu. Dinari iliumbwa kwa kazi ya halali, na masahaba waliitumia hata ilipokuwa na sura ya mfalme wa Rumi.

Limebaki lililo zito, nalo halina gramu. Ndugu yetu alitaja, kama jambo la pembeni, kwamba anaye shemeji aliyefilisika, na kwamba wakati ule ule alinunua dinari nyingine kwa kuwa nafasi kama ile haitarudi. Zaka alikwisha kutoa. Kwa kauli ya Ibn Umar hana lawama. Nami simhukumu, kwani mtu ana haki ya kuwa na kitu apendacho baada ya kutoa faradhi, na haikuwajibishwa kila mwenye kitabu auze kitabu chake maadamu kuna mwenye njaa; lau ingekuwa hivyo kusingebaki maktaba duniani. Lakini namuuliza: daftari lako lina khabari za kila sarafu, mahali ilipopigwa, uzani wake na mwaka wake, je, waweza kuniambia deni la shemejio ni kiasi gani? Kama hujui, basi huko ndiko kulikolala suala ulilolileta kwetu, wala si katika sanduku. Ukijua, ukapima, ukaona moja katika zile pauni za Victoria, ambazo ziko kwa maelfu duniani na hazina siri ambayo wataalamu hawajaisoma, yatosha kumfungulia mlango, iuze. Ushahidi wake hautapotea, kwani mashahidi wenzake ni wengi. Ile iliyo peke yake, yenye neno lisilo pengine, iache ikae.

Na aandike wasia. Si vyema watoto wafungue sanduku siku ya arubaini wasijue kilichomo, wampelekee sonara akapima kwa uzani na kuyeyusha jioni ile ile. Aandike kila moja ni nini, aliinunua kwa nani, na ipi ina zaka ya miaka iliyopita isiyotolewa, kwani hiyo ni deni na hutangulia mirathi. Akitaka makusanyo yasitawanyike, anayo thuluthi yake: aiusie makumbusho au chuo, kwa sharti kwamba vitaonyeshwa. Kilichozidi thuluthi ni haki ya warithi, wakipenda wataridhia na wakipenda watauza, na hatakuwa na haki ya kuwalaumu kutoka kaburini.

Akipenda, darasa lijalo na aje na zile dinari za Kifatimi. Mizani ya sonara tutaazima, na vijana watasoma maandishi wenyewe.